Koma Iliyosomwa Nukta

“Shilingi mia mbili themanini na sita, na senti arobaini.”

Mzee Ombati alisogeza sikio kwenye dirisha la malipo. “Rudia, mwanangu.”

Persis akarudia, kwa sauti ya chini zaidi.

Jumatatu radi ilikuwa imeunguza kompyuta ya hospitali. Leo asubuhi Persis alirudisha hesabu zote kutoka kwenye nakala ya akiba, akaziweka kwenye kompyuta ya msaada iliyotoka Ulaya. Mashine ilikuwa bado na mipangilio ya kwao, na kwao koma ndiyo hutenganisha senti. Hivyo 286,400 ikasomwa shilingi mia mbili na ushei. Kila deni lilikuwa limenyauka vivyo hivyo.

Alikuwa amempigia simu meneja, Bwana Machogu, aliyekuwa safarini Kisumu.

“Usiruhusu mtu atoke mpaka nifike na fundi,” Machogu alimwambia. “Ukimtoa hata mmoja, kesho usije.”

Mzee alikuwa na mfuko. Ndani yake kulikuwa na gauni jeupe lililopigwa pasi na kitambaa cha kichwa.

“Na viatu?” Persis aliuliza.

“Niliviacha. Miguu ilivimba, havimwingii tena.” Mzee akaushika mfuko kwa mikono miwili. “Nataka mke wangu awe amefika kabla Sabato haijaingia. Akina mama wa kanisa wako kwangu tangu jana, wanapika. Watoto wanamngoja tangu mwezi wa nne, na ninyi kila siku mnaongeza bei. Hata chakula chenu hali, na bado mnaongeza!”

Nyasani, mlinzi wa mlangoni, akacheka. “Mzee, ukienda, hili benchi litalala na nani?”

“Litalala na wewe. Mnafanana.”

Ombati akapanga noti na sarafu dirishani. “Senti arobaini sina.”

“Ziache, tata,” Persis akasema. Ndivyo alivyomwita baba yake nyumbani Magwagwa.

Simu ikatetemeka mezani. Machogu. Persis akaigeuza kifudifudi. Alifikiria kodi ya chumba, akamfikiria mdogo wake aliye shuleni. Kisha akagonga muhuri kwenye karatasi ya kutoka. Ulikaa upande.

“Mfike salama,” alisema.

Mzee aliinamisha kichwa. Akaichukua karatasi kwa mikono miwili.

Nyasani aliukagua muhuri, akautazama tena, akamtazama Persis. Hakutania tena. Akavua kofia, akampisha mzee.

Ombati alipita mlango wa wodi ya wanawake bila kugeuka. Akateremka nyuma ya jiko, pikapu ya kukodi ilikokuwa imerudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mhudumu alisoma karatasi, akavaa glavu.

“Nyanchoka,” mzee akaita, “twende nyumbani.”

Mhudumu akavuta droo ndefu, baridi ikamwagika nje.