Ukoko wa Kanga

Enzi zile wanyama walipokuwa wakipika, Kiboko alishindanisha makundi ya wauza chakula, msitu mzima ukitazama. Kundi lililoshinda lilipewa kibanda sokoni, na lililoshindwa, mmoja wao alifukuzwa.

Kanga alikitaka kibanda kile kwa moyo wote, kwani marehemu mama yake aliuza wali juani hadi mwisho. Lakini kiongozi wa kundi lake, Nguchiro, aligombana na mwenzao Bata kuhusu bei. Kanga akaacha jiko kwenda kuwaamua, na wali ukaungua.

Nguchiro alikuwa wa kwanza kufika kwa Kiboko.

"Mzee, naapa, mwiko sikuugusa! Kapika Kanga peke yake."

"Hata mimi sikuwapo," Bata akadakia.

"Haya Kanga, lete sufuria," Kiboko akaagiza.

Wali ulinuka moshi. Kanga alijua amekwisha. Hata hivyo akabandua ukoko, mwekundu, uliokolea tui, kama mama alivyowabandulia yeye na nduguze walipokuwa vifaranga wakigombea nani aanze.

"Kwetu huu alipewa mtoto aliyelia, mzee."

Kiboko akatafuna polepole, macho yakamlowa.

"Sijala ukoko tangu bibi yangu atutoke. Mmeshinda! Nani kaupika?"

"Sisi!" Nguchiro akaruka mbele. "Mimi ndiye niliyeongoza!"

"Ewe bwana, si umeapa mwiko hukuugusa? Na mwenzako si hakuwapo?" Kiboko akamsogezea Kanga ufunguo. "Kibanda kina mwenyewe. Nawe Nguchiro, nenda na kiapo chako."