Mdomo wa Mwenye Nyumba

Mwenye nyumba aliganda tena kwenye video ya kompyuta, mdomo wazi, pale pale alipotaka kutuahidi kwamba hakuna mpangaji atakayefukuzwa. Aliitoa ahadi hiyo mbele yetu sote mwaka ule paa lilipoungua. Sasa anaikana, na simu iliyomrekodi ilishakufa; nakala iliyobaki ni hii tu. Wasuluhishi wanakuja mchana huu.

"Fundi alisema tuutupe huu mkweche," nikamkumbusha shangazi.

"Na sisi wanatusema hivyo hivyo." Akaizima, akachomoa waya, akalegeza skrubu kwa ncha ya kisu cha mezani.

Kijiti cha memori, cha kuiongezea nguvu isigande, tulikiokoa kwenye kompyuta mbovu ya jirani. Meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefubaa. Shangazi aliyasugua kwa kifutio cha penseli, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso, kisha akakipachika kando ya kile cha zamani na kukikandamiza kwa vidole gumba vyote viwili.

"Utakivunja, shangazi."

"Jana ulikibembeleza, ikakataa kuwaka. Waoga nyie ndio mliotufikisha hapa."

Kibanio kimoja kikalia ta, na cha pili kikafuata.

Tukawasha, tukaifungua video. Mwenye nyumba akasimama mbele ya watu, akakohoa, akafungua mdomo.

Mdomo ukaendelea. "Hakuna mpangaji hata mmoja..."

"Fungua dirisha," shangazi akasema, "uongeze na sauti. Ndio hao wasuluhishi wanaingia getini, na mwenye nyumba yuko mbele."