Ukoko

Wiki ya pili tangu mumewe, Obadia, abatizwe, Yunisi aliunguza wali. Harufu ilifika mpaka barabarani. Kwa mazoea alifungua mlango wa jikoni, akapanga kandambili zake zikitazama nje, ili akikimbia asihangaike kuzitafuta. Mkono wa Obadia aliujua vizuri.

Obadia aliingia, akanusa, akakunja ngumi.

"Baba Tunu, nilikuwa naanika nguo," Yunisi alisema, mguu mmoja kizingitini.

Obadia alifumba macho. Midomo yake ilicheza bila sauti, kwa muda mrefu. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele ya sufuria, akachota wali mweupe wa juu na kuutia kwenye sahani ya mkewe. Yeye akakwangua ukoko mweusi, akautafuna. Ulisagika kama changarawe.

"Mchungu?" Yunisi aliuliza.

"Mchungu kweli," akajibu, akacheka. "Kula, Mama Tunu, chako kinapoa."

Yunisi alianza kula amesimama, akamaliza ameketi. Alipoinuka kukusanya vyombo, aliigeuza kandambili moja kwa kidole cha mguu, ikatazama ndani. Nyingine, kwa leo, aliiacha.