Leo Ushushe Kidogo

Siku ya kuoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana, aliyepiga magoti mbele ya Perusi na beseni la maji alikuwa Bhoke. Perusi alitamani kuificha miguu yake chini ya benchi.

Kanisa lao la Kimenoniti halikuwa na kinanda. Wimbo ulianzishwa na mtu mmoja, wengine wakamfuata, na kwenye kwaya ya vijana mtu huyo alikuwa Perusi. Jumapili mbili nyuma, Bhoke aliposimama kuimba ubeti wake peke yake, Perusi aliuanzisha wimbo juu mno, makusudi. Sauti ya Bhoke ikapasuka katikati ya neno "neema", watoto wakacheka, na tangu siku hiyo hakuimba tena. Watu walisema ni mafua.

Sasa Bhoke alimwosha visigino taratibu, kisha vidole, kama anayemwosha mtoto mchanga. Akaifunika miguu kwa taulo aliyojifunga kiunoni. Wimbo uliokuwa ukiimbwa ukaisha, na wanawake wote, waliokuwa wakioshana miguu kando na wanaume, wakamgeukia Perusi aanzishe mwingine.

"Bhoke," alinong'ona, "ile siku..."

"Najua, dada. Nilijua palepale." Bhoke hakuinua uso. "Anzisha tu. Ila leo ushushe kidogo, na mimi niimbe."

Perusi akafungua kinywa. Akaitafuta sauti huko chini, chini zaidi, na Bhoke bado ameishika miguu yake ndani ya taulo, akisubiri.