Fitingi ya Silinda

Sixbert alimzaba mkewe kibao mbele ya shemeji yake, kisha akamgeukia shemeji huyo na kumkabidhi spana.

"Fanya kazi, shemeji. Ya ndani tuachie wenyewe."

Klementi aliipokea. Alikuwa amepanda hadi nyanda za juu za Rondo kutoka gereji yake ya Mitwero kwa ajili ya mashine ya kufyekea majani, ile inayokokotwa nyuma ya trekta na kuinuliwa na silinda ya oili. Fitingi inayounga mpira na silinda ilikuwa imekwisha nyuzi za kukazia, oili inaruka ovyo. Hakujua kwamba angemkuta Dativa, mdogo wake wa pekee, jicho moja limefumba kwa uvimbe, mdomo umepasuka, blauzi imejaa grisi mgongoni. Amemgaragaza kwenye banda la trekta, hayawani huyu, aliwaza.

"Shikamoo, kaka," Dativa alisema, akijifunika kwa kanga.

"Marahaba." Klementi alichuchumaa kando ya silinda.

Aliwahi kumrudisha nyumbani, tena zaidi ya mara moja. Kila mara wazee wakakaa, Sixbert akaomba radhi, Dativa akarudi kwa mumewe. Safari hii Klementi aliona wazi kwamba dada yake angetoka kwa mumewe akiwa ndani ya jeneza.

Aliifungua fitingi mbovu, akapitisha ukucha kwenye nyuzi zake. Mfukoni alikuwa na nyingine mbili. Kwa macho ni mapacha. Ya kwanza nyuzi zake zilikuwa sawasawa na za silinda. Ya pili ilikuwa ya mashine ya aina nyingine, nyuzi zimeachana kidogo tu: inaingia mizunguko michache, inakaza, na asiyejua ataapa imefunga. Lakini mashine ikiinuliwa ikabaki juu, oili inaisukuma mpaka inachomoka, na bati zito la mashine linashuka na visu vyake. Kila aliyejifunza ufundi kwa Klementi alishatukanwa kwa kosa hilo.

Na alimjua Sixbert. Mashine ilipokuwa mpya alimwona akijitupa chini yake, imeinuliwa bila hata gogo la kuikinga, akikwangua majani yaliyoganda kwenye visu na kuwacheka waoga. Hiyo ilikuwa kabla misimu miwili mizuri ya korosho haijampa kitambi.

Klementi alichagua ya pili. Alimchukia mtu yule mpaka meno yakamuuma.

"Tayari?" Sixbert aliuliza, akipanda kwenye kiti cha trekta kwa kuhema.

"Tayari. Fyeka kidogo kwanza, halafu inyanyue, visu vikaguliwe."

Dativa alikuwa ameinama kando ya mpira, anaitazama fitingi mpya. Aliinua jicho lake zima kumwangalia kaka yake.

"Kaka, imeshika kweli?"

Maskini, anaogopa kipigo ikivuja, Klementi aliwaza.

"Imeshika, mdogo wangu. Usiwe na hofu."

Dativa alishusha pumzi, akajifunga kanga kiunoni, akaelekea shambani. Klementi aliinama kwenye ndoo akasugua oili mikononi kwa sabuni ya unga.

Alisikia trekta ikiingia kwenye mikorosho, visu vikikata, kisha vikinyamaza. Alisikia silinda ikiinua mashine. Injini ikabaki inanguruma taratibu. Klementi aliacha kunawa.

Ulikuja mshindo wa chuma na ukelele uliokatika katikati.

Alijifuta mikono. Alipanga maneno atakayomwambia mjane, akauvaa uso wa msiba, akatembea bila haraka kati ya mikorosho mpaka akaiona trekta.

Sixbert alikuwa bado juu ya kiti, mikono imeng'ang'ania usukani, analia kwa sauti.

"Shemeji, jeki!" alipiga kelele. "Leta jeki, tumtoe dada yako!"