Kidole cha Chuma

Kidole cha mwisho kilikataa kunyooka.

Bibi alikuwa akishonea ngozi ndani ya glavu ya chuma, gerejini kwao Greenbelt, ughaibuni, huku mjukuu wake Nahla akigonga ribiti za kuunganisha vipande vya chuma. Nahla huwafulia glavu za chuma watu wanaopigana marungu kimchezo kila Jumamosi, wamevaa deraya, mavazi ya chuma, kama askari wa zamani. Hii alisema ni ya mteja.

Bibi akakipapasa tena kile kidole. Kilifuliwa kikapindwa kwa ndani, vilevile kama kidole cha Nahla tangu mlango wa gari ulipokibana utotoni.



"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Samaki wangu ana magamba ya chuma. Nyama ya ndani ni ya nani?"

Nyundo ikanyamaza. Nahla, ambaye siku zote humjibu kwa Kiingereza, safari hii alijibu kwa Kiswahili.

"Yangu, Bibi. Kesho napigana mimi."

"Wewe? Na majitu yale?"

"Ndiyo, Bibi."

Bibi akakata uzi kwa meno. Akamvisha ile glavu, akaulaza mkono wa mjukuu wake juu ya fuawe ya kufulia chuma, akaokota nyundo.

"Basi wa kwanza kukupiga ni mimi, tuone kama magamba haya yatahimili," alisema, akaiinua.