Faragha ya Baba Aziza

Hapa Leicester siku hizi mtu hupata haki pale tu anapofaulu mtihani wa neno lake. Mume wangu amefaulu "faragha", na tangu hapo mlango wa chumba chake unakubali kufungwa. Wangu unakataa, kwa kuwa nimefeli mara mbili.

Jana nilimsikia akicheka humo ndani. Alipotoka nikamuuliza, "Baba Aziza, ulikuwa unaongea na nani?"

"Soma na wewe ufaulu, mama."

"Nimekuuliza nani."

Akatabasamu. "Asubuhi nimefaulu jingine. Haki ya kunyamaza."

Nikachukua kitabu cha mitihani. Nikairuka faragha, nikairuka kura, nikafika kwenye neno "hati ya upekuzi", ile haki inayomruhusu mtu kufungua mlango wa mwenziwe hata ukiwa umefungwa. Nilikuwa nimeikariri yote kabla wali haujaiva.